Kigango Darasani: Swali la Kwanza Liwe Lipi?

Mwalimu wa Sanaa anapofundisha uchongaji wa kimapokeo, aghalabu hukimbilia picha za sanamu za wahenga kutoka Afrika Magharibi, kwa kuwa ndizo zilizojaa vitabuni. Sisi tunaofundisha ualimu hapa Ilula twapendelea mfano wa jirani: kigango cha Wamijikenda wa pwani ya Kenya.

Kigango ni nguzo ya mti mgumu iliyochongwa, ikanakshiwa kwa safu za pembetatu. Husimamishwa kwa ajili ya marehemu aliyekuwa mwanachama wa Gohu, chama cha wazee wenye heshima. Pengine baada ya marehemu kumtokea jamaa yake ndotoni akidai haki yake. Kikishasimikwa hakihamishwi. Jamaa wakihama, chenyewe hubaki pale pale hadi kiliwe na mchwa, wala hakuna aonaye ubaya.

Mwaka 1985 mtafiti mmoja alimpiga picha mzee wa Kigiriama kando ya vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake. Muda si mrefu vikaibwa. Baadaye vilionekana katika makumbusho mawili ya Marekani, vikarejeshwa Kenya, kimoja mwaka 2006 na cha pili 2007. Kwa wafanyabiashara vilikuwa bidhaa. Kwa mzee yule vilikuwa ndugu zake.

Sasa tazama maandalio ya somo ya wanachuo wengi. Kigango huitwa "pambo", na swali la kwanza huwa: "Kina maumbo gani?" Twashauri liwe: "Kimesimamishwa na nani, kwa ajili ya nani?" Pembetatu zitachorwa baadaye, kipindi kimoja chazitosha. Kuwaagiza wanafunzi wachonge kigango cha mazoezi hatukubaliani nako kabisa, maana hicho hakina marehemu.

Wenzetu wengine husema mtoto wa Kihehe, ambaye wazee wake hutambikia makaburini pasipo nguzo ya kuchonga, hataelewa. Mbona Kalenga si mbali? Fuvu la Mtwa Mkwawa, aliyefariki mwaka 1898, lilirudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, nalo limehifadhiwa huko. Mtoto aliyelitembelea hahitaji maelezo marefu.

Katika mazoezi ya kufundisha, mwanachuo wetu mmoja aliliuliza darasa la sita kama kigango kilichorudishwa kisimikwe tena uwanjani au kifungiwe ndani kisiibwe. Kengele ililia wakiwa bado wanabishana.