Bakuli Halirudi Tupu: Safari Yetu ya Bariadi

Kiangazi kilichopita tulifunga safari kutoka Mwanza kwenda Bariadi, kumzuru mwanafunzi wetu wa zamani ambaye sasa ni baba wa watoto wanne. Tulipita Magu hadi Lamadi, hapo tukalipa Ziwa kisogo na kushika njia ya Dutwa. Bariadi ndiyo makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012, nayo ni nchi ya pamba na ng'ombe. Pamba ilikuwa imekwisha kuvunwa, nyasi zimekauka, na upepo mkavu wavuma mchana kutwa.

Tulipokelewa kwa bashasha. Mama wa nyumba, ambaye asili yake ni Pangani, aliazimia kutuandalia faluda ya chai ya viungo, nasi tukastaajabu, kwani nyumba ile haina friji. Maziwa, lita 1, yaliletwa na bibi jirani, Msukuma asiye wa dini yetu. Katika ukame ule alikuwa na ng'ombe mmoja tu mwenye maziwa, wala hakukubali kulipwa.

Mama yule alichemsha kikombe cha maji pamoja na iliki 6 zilizopondwa, kijiti cha mdalasini, karafuu 3 na kipande cha tangawizi. Tangawizi mbichi ikitiwa katika maziwa huyakata. Ikichemka kwanza majini, nguvu hiyo huondoka. Kisha alitia vijiko 2 vya majani ya chai, akaepua upesi na kuchuja, maana chai ikikaa sana huwa chungu. Wengine huigandisha faluda kwa jelatini. Lakini jelatini nyingi hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, nasi hatujui ni wanyama gani wala walichinjwaje. Yeye alitumia unga wa mchele, vijiko 8 vya mezani, akaukoroga katika maziwa baridi kidogo. Maziwa yaliyobaki aliyachemsha, akatia ile chai, sukari na unga, akakoroga bila kupumzika hata uji ukashika mwiko.

Bakuli zilipopoa, alizifunika akazitia katika chungu kilichomo ndani ya chungu kikubwa zaidi, na baina yao mchanga uliorowa. Juu akatandika kitambaa cha maji. Maji yakikauka huchukua joto, na ndani hubaki baridi. Mwalimu Mohammed Bah Abba wa Nigeria alipata tuzo ya Rolex mwaka 2000 kwa kueneza vyungu vya namna hii. Kwetu pwani, penye unyevu, havifai sana; Bariadi upepo mkavu ndio friji. Walakini, faluda hii huliwa jioni ile ile, isilazwe.

Baada ya sala ya Magharibi tulionja. Ilikuwa laini, baridi, na harufu ya iliki imetangulia. Mama akajaza bakuli moja, akamwambia mwanawe mkubwa, kijana wa miaka 16, "Mpelekee bibi." Kijana akasita. Akatugeukia, akasema, "Maalim, yule si Mwislamu. Yafaa kweli kupeana naye chakula?"

Tuliona haya, kwa sababu maneno hayo kijana hakuyazua. Waalimu tumezoea kuwahimiza watoto kujitenga na mabaya, tukasahau kuwafundisha haki ya jirani. Tulimwambia: "Mwanangu, maziwa uliyokula sasa hivi yametoka kwake. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimuusia Abu Dharr aongeze maji katika mchuzi wake ili awakumbuke majirani, wala hakumwagiza aulize dini zao kwanza." Kijana akainamisha kichwa.

Tukafuatana naye. Mlangoni alisema kwa adabu, "Mwadila, mayu," na yule bibi akaipokea bakuli kwa mikono miwili, akacheka kwa furaha, akauliza ni maziwa gani haya yanayonukia chai.

Asubuhi, tulipokuwa tukifunga mizigo, bakuli ilirudi imejaa michembe. Kijana ndiye aliyeipokea. Akamwambia mamaye, "Leo jioni tumpelekee nini?"

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie sisi na watoto wetu kuwa majirani wema. Amin.