Karavani yetu na mto ulio chini ya ardhi

Tunawaandikia toka Bowling Green, jimbo la Kentucky, Marekani, ambako jamaa nyingi za Kikongo zimefika kama wakimbizi. Mlituuliza namna tunavyopumzika na watoto huku. Basi mwezi wa kumi, shule zilipofungwa siku chache, sisi wamama watatu na watoto wanne tulikwenda kulala Mammoth Cave. Ni pango refu kuliko yote yanayojulikana duniani, zaidi ya kilomita 680, na toka kwetu mwendo kwa gari haufiki saa moja.

Hoteli ni bei kali. Jirani mmoja alitukopesha karavani yake, nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa na gari. Ndani kuna vitanda, jiko la gazi, lavabo, bafu na choo. Kuona choo ndani ya gari tulifurahi sana, lakini choo hicho hakina shimo. Chini ya sakafu kuna tangi mbili: moja ya maji ya choo, nyingine ya maji ya kuoga na ya kuosha vyombo. Kila kitu unachomwaga unasafiri nacho, mpaka ufike pahali pa kumwagia panaporuhusiwa.

Jirani alitupa sheria zake kabla ya ufunguo. Kifungio cha tangi ya choo kikae kimefungwa mpaka siku ya kumwaga, hata kama umepata pahali penye tiyo. Ukikiacha wazi, maji yanakimbia na uchafu unabaki, unarundikana na kuwa mgumu kama udongo wa tanuru. Maji mengi chooni, usifanye choyo. Karatasi iwe ile inayoyeyuka: tia kipande ndani ya chupa ya maji, tikisa, ukiona imevunjika vipande vidogo ni nzuri. Lingeti za kupangusa watoto, hapana, hata kama pakiti inasema zinafaa. Na mafuta yasiingie lavabo.

Hiyo ya mafuta hatukuisikia vizuri. Siku ya posho jioni tulipika bugali, sombe na ndagala kwa mawese, mawese ambayo mmoja wetu alikuwa ameyatunza tangu Pasaka. Tukaosha sahani kama kawaida. Usiku wa huku mwezi wa kumi una baridi, na mawese, mnayajua, yakipata baridi yanaganda. Asubuhi lavabo haikupitisha maji. Tulichemsha maji, tukamwaga pole pole, yakafunguka. Tangu hapo kila sahani ilipanguswa kwanza kwa karatasi, na karatasi ikaenda kwenye takataka.

Shida kubwa ilikuja siku ya yenga jioni. Watoto wanne walioga mmoja baada ya mwingine, robine wazi, wakiimba. Mara maji ya kijivu yakaanza kupanda ndani ya bafu, na povu na nywele. Tangi imejaa! Pahali tulipopewa hapakuwa na tiyo ya kumwagia. Kufika kwenye kituo cha kumwagia ilitupasa kukusanya vitu vyote na kufunga karavani kwa gari, na giza limekwisha kuingia. Mmoja wetu akasema: tufungue kidogo, haya si maji ya choo, ni sabuni tu, yatanywewa na majani. Tunasema ukweli, wawili kati yetu tulikubali.

Wa tatu alikataa. Yeye ni mama wa Uvira, na alimzika dada yake mdogo kwa kipindupindu. Alituuliza kama tumesahau tulichokiona mchana.

Mchana ule tulikuwa tumekwenda mji mdogo wa Horse Cave, kando ya barabara hiyo hiyo. Katikati ya mji, karibu na maduka, ardhi imefunguka kama kinywa. Ukishuka ngazi zaidi ya 200 unafika kwenye mto unaopita gizani. Inchi hii ni ya mawe ya chokaa yaliyojaa matundu. Maji hayakai juu wala hayachujwi na udongo mnene, yanatelemka moja kwa moja. Zamani mji ulikunywa maji ya mto huo. Kisha watu wakamwaga uchafu wa vyoo na wa viwanda ndani ya visima na mashimo, wakifikiri umepotea. Haukupotea. Harufu ilipanda mpaka barabarani, na mwaka 1943 pango likafungwa kwa wageni. Lilifunguliwa tena 1993, nyuma ya mji kupata mtambo wa kusafisha maji machafu. Miaka 50! Samaki wasio na macho wamerudi. (Hata kwetu Kongo wako, katika mapango ya Mbanza-Ngungu, ingawa wengi wetu tulijifunza hilo huku ugenini.)

Tulinyamaza. Kisha tukafanya kama Uvira: beseni moja, kikombe kimoja. Aliyebaki kuoga alioga amesimama ndani ya beseni, vyombo vikaoshwa ndani ya nyingine, na maji machafu tukayapeleka kwa bidoni mpaka vyoo vya wote. Mtoto mkubwa alibeba taa mbele. Watu saba hatukujaza hata bidoni mbili, na tukaona haya kwa bafu ile ya kuimba.

Asubuhi tulikwenda kituoni. Ga za mikono kwanza. Tiyo nene ifungwe kabisa mpaka isikie "ka!", yetu haikufungwa sawasawa, na viatu vya dereva wetu vilibatizwa. Tangi ya choo inamwagwa mbele, halafu ile ya sabuni, ili maji yake yasafishe tiyo. Baadaye unarudisha maji kidogo ndani ya tangi ya choo, ili uchafu mpya usishike chini kavu. Tiyo ya maji ya kunywa haikai karibu na ile nyingine, wala haiguswi na ga zile zile.

Jirani alipopokea karavani alifungua vifungio, akachungulia, akanusa. Akatikisa kichwa kuonyesha ameridhika. Kisha akaona lavabo yake na alama nyekundu ya mawese kuzunguka tundu, akauliza ni rangi gani hiyo. Tumeisugua kwa javeli mara mbili sasa. Bado iko.