Bafa ya Valvu Ingoje Kwanza

Wasee, huku Timboroa ni karibu mita 2,700 juu ya bahari, na baridi si mchezo. Niliposikia kuna bafa ya valvu, zile taa za kioo za redio za zamani, na ati "inapasha sauti joto", nikaanza kuweka pesa ya viazi. Inakaa kati ya simu na amplifaya. Kwa kawaida haiongezi nguvu. Inasaidia vifaa viwili kuelewana, na valvu inapaka sauti rangi kidogo. Guka akaniuliza, "Na hiyo spika yako iliyochanika?" Nikanyamaza. Ingechanika tu vilevile, sasa kwa bei ghali. Nimenunua spika. Wewe je, umekagua zako?