Mama na Vijisanduku

Minneapolis, Jumapili, 14 Januari 2024

Barafu imeganda ngazini kama kioo. Daktari kamwambia Mama atembee kila siku kwa sababu ya sukari, lakini atembee wapi? Nikamvisha miwani ya uhalisia pepe. Nilikosea mchezo: huu unasukuma kijiti cha kidhibiti kwa kidole ndipo unatembea mchezoni. Dakika tatu hazikutimia, akashika ukuta, kichefuchefu. Macho yanamwambia yuko njiani, sikio la ndani linajua amesimama. Nilimkalisha, nikampa maji ya ndimu. Nimejuta sana.

Jumanne, 16 Januari

Leo nimemwekea Beat Saber, mchezo uliotengenezwa Prague ukatoka 2018. Humu huendi popote. Vijisanduku vyekundu na vya buluu ndivyo vinavyokujia kwa mdundo, nawe unavikata kwa panga mbili za mwanga. Ukuta ukija, unainama. Alikata cha kwanza, cha pili, akaangua kicheko.

"Mwanangu, hii si vugo?"

Usichanani mwake Mombasa hakukosekana kwenye vugo la harusi: pembe ya nyati mkono mmoja, kijiti mkono wa pili, na ukikosea pigo wenzio wote wanakugeukia. Mikono ile haijasahau. Wauzaji wa miwani wanasifia picha. Mama hajataja picha hata mara moja.

Jumamosi, 27 Januari

Anaacha mapema, na si kwa kuchoka miguu. Shingo. Nimeipima miwani kwenye mizani ya unga: imezidi nusu kilo, na uzito wote uko mbele. Jasho linanywewa na sponji, lenzi zinashika ukungu, na akiivua anabaki na mstari mwekundu kutoka paji hadi shavuni. Mtu anaweza kuupenda mchezo akauacha kwa ajili ya sponji! Nimemkatia kipande cha leso kuukuu ajifunge kichwani kwanza. Jioni alifika dakika 22.

Jumapili, 11 Februari

Wiki hii dakika 104. Shirika la Afya Duniani linataka zisipungue 150, lakini mwezi mmoja uliopita hakuwa na hata moja. Sukari tunaipima kabla na baada, naandika ukutani.

Asubuhi nimerudi kutoka zamu ya usiku nikakuta meza ya sebuleni ameshaisogeza mwenyewe, na kile kipande cha leso kinakauka juu ya hita.