Mpira Huiva kwa Moto

Wahenga walinena kwamba haraka haraka haina baraka. Hapa Maua methali hiyo haina wapenzi wengi, maana miraa haingoji mtu. Ikishachumwa, utamu wake hudumu kama siku mbili tu, ndiyo sababu magari hushuka mbio kuelekea Nairobi. Na gari likipata pancha, dereva hana budi kumkimbilia fundi.

Mjomba wangu ni fundi wa pancha. Wenzangu wengine husema eti hiyo ni kazi ya walioshindwa na masomo. Mimi nasema yeye ni mwanakemia, tena nitawaeleza kwa nini.

Kiraka chake ni mpira mbichi uliochanganywa na salfa. Kukiwa baridi, salfa hukaa kimya kana kwamba imelala. Mjomba hukwaruza tyubu, hubandika kiraka, kisha hukibana kwa chuma cha moto. Joto likifika digrii 140 hivi, salfa huamka na kuzifunga molekuli ndefu za mpira, moja kwa nyingine, mithili ya kamba zilizopigwa mafundo. Charles Goodyear wa Marekani aligundua jambo hili mwaka wa 1839.

Lakini salfa hiyo hailali fofofo. Mpira mbichi ukikaa muda mrefu mahali penye joto, huanza kuiva polepole kabla ya kazi, kisha haushiki tena vizuri. Shida kama hii iliwasumbua hata watengenezaji wa gundi za viwandani. Wao wakabuni vidonge vidogo mno, visivyoonekana kwa macho. Dawa ya kukaza gundi hufungiwa ndani ya ganda la kidonge. Ganda likipata joto lililokadiriwa, hulainika au huyeyuka, dawa ikatoka, gundi ikawa ngumu. Kabla ya hapo, gundi yaweza kukaa miezi ikingoja.

Mjomba hana vidonge hivyo. Ana macho na subira. Siku moja dereva wa pikapu alimfokea, "Mzee, toa hiyo kitu, miraa inakauka!" Naye akamjibu, "Ngoja, kijana. Mpira haujaiva." Hakuongeza neno. Alijua kiraka kibichi kingebanduka mteremkoni, usiku, na watu wamo garini.

Basi, wenzangu, tunapokariri kemia darasani, tusiicheke mikono yenye masizi. Huenda inalijua somo hilo kutushinda.