Mji Mmoja, Majina Matatu

Wasomaji wetu, wengi kati yenu wana ndugu aliyekwenda Ubelgiji kwa masomo au kwa kazi. Mwulizeni habari za mji wa Mons, naye atacheka.

Mji huo uko kusini, kwa watu wasemao Kifaransa. Lakini msafiri akingojea gari-moshi katika stesheni ya Halle, karibu na Brussels, haoni Mons ubaoni, aona Bergen. Maskini mgeni! Tiketi anayo mkononi, pesa zake ni za kuhesabu, anajiuliza kama Bergen hiyo siyo ile ya Norwei, na huku gari laondoka. Kumbe ni mji ule ule. Aliyeonja Kilatini atafurahi, kwani mons ni mlima, na bergen kwa Kiholanzi ni milima.

Jambo hili si mchezo. Sheria ya mwaka 1962 iliweka mpaka wa lugha: kaskazini vibao huandikwa Kiholanzi, kusini Kifaransa, na Brussels kwa lugha zote mbili. Ndiyo sababu mwenye motokari atokaye Brussels kwenda Liège husoma Luik, kisha Liège, kisha Luik tena. Naye Mjerumani huuita Lüttich!

Huko Ujerumani nako, husimuliwa habari za wageni wanaoustaajabia mji wa Ausfahrt, mkubwa kuliko yote, maana jina lake laonekana kila mahali barabarani. Neno hilo ni njia ya kutokea tu.

Sisi Wakongo taabu yetu iko Ufaransa. Tumefundishwa kuhesabu kama Wabelgiji: septante, nonante. Mwenye duka wa Paris husema sitini-na-kumi, tena nne-ishirini-na-kumi. Ukimtajia nonante anakukodolea macho kana kwamba wewe ndiwe usiyejua hesabu. Kwa maoni yetu, hesabu iliyonyoka ni ya kwetu.

Lakini Mzungu naye ana siku yake. Kwenye pwani ya Tanzania anaambiwa mashua itaondoka saa mbili. Wenyeji huanza kuhesabu saa kwa mapambazuko, nao wazijua vema saa za Kizungu. Neno moja la kumwonya lingalitosha, lakini mara nyingi hakuna alisemaye. Basi mgeni anakula chakula cha mchana kwa utulivu, anafika saa nane, amevaa kofia yake mpya. Mashua nyingine ni ya kesho, na mizigo yake yote iko mchangani.