Kibao cha Shingoni

Watu wa Tabora ni watu wa safari tangu zamani. Babu zetu Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe hata Bagamoyo, mwendo wa miezi mitatu hivi, wakarudi na nguo na ushanga. Tena walirudi na mzigo usio na uzito begani, nao ni Kiswahili. Hawakuketi darasani, walijifunza njiani, kambini na sokoni, na wenyeji wakiwacheka. Sisi walimu wawili wa shule moja ya msingi tuliwasimulia watoto habari hizo miaka mingi, wala hatukujua kuchekwa ni nini mpaka Septemba 2018, tulipopata nafasi ya kwenda China kusoma lugha kwa mwaka mmoja.

Tulifikia Beijing, katika Chuo Kikuu cha Lugha na Utamaduni, kilichoanzishwa mwaka 1962 kwa ajili ya kuwafundisha wageni. Darasani tulikaa pamoja na vijana wa nchi nyingi, nasi tulikuwa wazee kuliko wote. Mwalimu wetu, mama mpole, tulimwita “laoshi”, kama waitwavyo walimu wote huko. Na ndani ya jina hilo mna neno “mzee”, hata mwalimu akiwa kijana. Jambo hilo lilitupendeza.

Lakini ndimi zetu zilikataa. Kichina kina sauti nne: iliyo juu na kunyooka, ipandayo, ishukayo kisha ikapanda, na ishukayo kwa nguvu. Ukibadili sauti, umebadili neno. “Mai” ya kushuka na kupanda ni kununua. “Mai” ya kushuka kwa nguvu ni kuuza. Siku moja sokoni tulimwambia mwenye matunda kwamba twauza matufaha. Akaitazama mikono yetu mitupu, akacheka hata akakaa kitako. Siku nyingine tuliomba supu, tukaletewa sukari, maana maneno hayo mawili hutofautiana kwa sauti tu. Hata ilipofika katikati ya Novemba, wakati mji ule unapowasha mabomba ya kupasha nyumba joto, sisi tulikuwa hatusemi tena nje ya darasa. Tulinyosha kidole tu, kama mabubu.

Maandishi ndiyo yaliyotufariji. Huko mti huandikwa kwa alama moja; alama hiyo ikiwa mbili ni miti mingi, ikiwa tatu ni msitu. Tulipoyaona hayo tulikumbuka miombo ya kwetu.

Jioni moja mwalimu akatuuliza, “Kwenu mwasema lugha gani?” Tukajibu, “Kiswahili na Kiingereza.” Akauliza, “Na kabla ya hizo?” Tukaona haya, kisha tukasema, “Kinyamwezi.” Akataka kukisikia. Tukamsimulia kipande cha hadithi ya bibi, naye akawa anainua na kushusha mkono wake hewani akiifuata sauti. Mwisho akasema, “Lugha hii yapanda na kushuka. Sikilizeni Kichina kwa sikio la bibi yenu.”

Tukafanya hivyo. Haikuwa kazi ya siku moja, lakini kufika mwezi wa Machi yule mwenye matunda alituuzia bila kucheka.

Ndugu zetu, furaha hiyo ilikuja na uchungu. Shuleni kwetu tulikuwa na kibao cha mti chenye kamba. Mtoto aliyesema Kinyamwezi alivikwa shingoni, akae nacho mpaka amkamate mwenziwe. Hakuna aliyetuagiza, tulidhani twawaendeleza. Mwaka 2014 mtoto mmoja wa darasa la pili alitukuta mlangoni asubuhi, akainama kwa adabu, akatuamkia, “Mwangaluka.” Tulimvika kibao siku tatu. Juma lililofuata hakuja, wala hakurudi tena. Katika daftari tuliandika: mtoro.

Tuliporudi Julai 2019 tulikitia kibao motoni, kisha tukaenda kwao. Tulimkuta kijana wa kumfuata mjomba wake porini kurina asali. Tukamwomba radhi mbele ya mama yake, tukamwamkia, “Mwangaluka.” Akatazama chini, akajibu kwa Kiswahili safi, “Shikamooni, walimu.” Hakusema neno moja la Kinyamwezi mbele yetu, wala hatukuweza kumlaumu.

Wasomaji wetu, reli ya kwanza ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Desemba 2022 serikali ilitia saini mkataba na makampuni ya China wa kujenga reli mpya toka Tabora hata Kigoma, kuelekea ziwa lile lile la misafara. Watoto wetu watahitaji lugha nyingi, na inafaa tuwafundishe kwa bidii, Kiswahili na Kiingereza, na Kichina pia kwa atakaye. Lakini mtoto hufika mlango wa shule akiwa na lugha moja tayari kinywani. Tusimpokonye pale mlangoni. Ndiyo itakayomsaidia kuzishika nyingine.

Yule kijana twakutana naye siku za mnada. Kila mara twamwamkia vile vile, nasi twangoja.